Mapenzi ya Shuleni: Nani Azungumze na Hawa Watoto?

Barua yenyewe ilikuwa ya ukurasa mmoja na nusu, ya wino wa bluu, imepulizwa manukato hadi karatasi ikashika madoa. Mvulana wa kidato cha tatu alikuwa amemwandikia msichana wa kidato cha pili. Alimsifu mwandiko, akamwambia alimwona kwenye mashindano ya muziki akiimba sauti ya pili, akaomba siku ya kufunga shule amsindikize mpaka stendi ya matatu. Chini kabisa, kama ilivyo desturi ya barua hizi, aliorodhesha nyimbo tatu za kumtumia salamu. Kiranja aliipata ndani ya mkebe wa vifaa vya hisabati wakati wa masomo ya jioni. Kesho yake kabla ya kengele ya chai, wote wawili walikuwa wametumwa nyumbani wiki mbili, na kila mmoja arudi na mzazi.

Visa kama hiki hutokea kila muhula katika shule za mseto za huku Kenya, kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Kondele hadi Bondo, na hakuna anayevishangaa. Hiki kilizua mjadala kwa kuwa chumba cha walimu kilikuwa na mgeni, Mholanzi anayefundisha biolojia, aliyeweka kikombe chake mezani akauliza: kosa ni lipi hasa?

Nakiri mapema kwamba kikao kifuatacho nimekitunga. Shule haina jina na wasemaji hawana majina. Hoja zao lakini ni zile ninazozisikia kwenye mikutano ya wazazi, kwenye matatu za kwenda Bondo na kwenye vibanda vya samaki vya Dunga. Nimewaketisha pamoja Jumamosi moja, kwenye viti vya plastiki vya bwalo la chakula, kwa sababu katika maisha ya kawaida watu hawa hawaketi pamoja kulizungumza jambo hili. Kila mmoja hulizungumza na wa rika lake, tena akiwa amegeuza uso.

NAIBU MWALIMU MKUU: Kosa limeandikwa, Madam. Liko kwenye sheria za shule, na mzazi amezitia sahihi siku ya kumleta mtoto. Mvulana na msichana kujitenga wawili wawili ni kosa. Kuandikiana barua za mapenzi ni kosa. Sikuzianzisha mimi. Nilizikuta nikiwa mwanafunzi, na kwa barua moja nilichapwa viboko sita mbele ya gwaride. Siku hizi viboko vimepigwa marufuku, tangu 2001, ndiyo maana tunawatuma nyumbani.

MGENI: Niliisoma. Haina neno chafu hata moja. Kwetu Utrecht, kijana wa miaka 16 akipata mpenzi, mama yake huwa miongoni mwa watu wa kwanza kujua. Anamleta nyumbani, wanakula meza moja, baba anamuuliza anasoma nini. Kabla ya hapo shule imeshawafundisha. Tunaanza shule ya msingi, kidogo kidogo, kwa umri wao.

NAIBU: Na usiku ukiingia?

MGENI: Wazazi wengi wakiona uhusiano umetulia, na watoto wamefikia umri, wanaruhusu alale.

Hapo bwalo lilicheka, na mama mmoja wa nyuma akajipiga ishara ya msalaba. Mgeni hakukasirika. Alisubiri kelele zishuke.

MGENI: Najua linavyosikika. Ila sikilizeni. Amy Schalet alitoa kitabu mwaka 2011 akilinganisha wazazi wa Uholanzi na wa Marekani juu ya swali hilo hilo. Wamarekani wengi walisema hapana, si chini ya paa langu. Waholanzi wengi walisema sawa, kwa masharti. Na waliokuwa wakipata mimba wakiwa wadogo, kwa wingi zaidi, ni wasichana wa Marekani. Kwa hiyo mtu akiniambia kukataza ndiko kunakolinda, namwomba anionyeshe.

NAIBU: Nitakuonyesha. Kwenu kuna daktari wa familia, ana jina, ana simu, na ofisi yake iko mwendo wa baiskeli. Huku msichana akienda kituo cha afya akiwa na sare, anayempokea ni shangazi wa rafiki yake, na jioni mama yake ameshasikia. Ule utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulikuta asilimia 18 ya wasichana wa Kenya wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au wana mimba. Homa Bay, hapo ng'ambo ya ghuba, ilikuwa 33. Mmoja kati ya watatu, Madam. Mwaka 2022 nchi nzima ilishuka hadi 15 na Homa Bay 23. Imeshuka, nashukuru, lakini 23 si idadi ya kulala usingizi. Mwaka jana hapa, wasichana wanne walifanya mtihani wa kitaifa wakiwa na watoto wachanga. Mmoja aliomba ruhusa anyonyeshe katikati ya karatasi ya kemia. Aliyekuwa amembeba yule mtoto nje, chini ya mwembe, ni mimi. Kati ya baba zao, wawili walikuwa darasa hilo hilo, na walifanya mtihani wakiwa wamelala vizuri. Usiniambie barua ni barua tu. Mimi nikiiona barua, namwona yule mtoto mkononi.

Sitaki msomaji ampite Naibu haraka. Ni rahisi kumchora mtu wa nidhamu kama kizee cha kikoloni chenye fimbo, na waandishi wengi wa Nairobi humchora hivyo. Hofu yake ni ya kweli na amewahi kuibeba mikononi. Mwongozo wa kumrudisha shuleni msichana aliyejifungua umekuwepo tangu 1994, ukaandikwa upya 2020, lakini mwongozo haunyonyeshi mtoto usiku, na msichana mwenye mtoto nyumbani hurudi darasani akiwa nusu. Ukiwa na watoto wa watu mkononi, na kila mzazi ameuza kitu ili mtoto wake awe hapo, utaogopa hata kivuli. Ninachomdai Naibu ni kingine: hofu yake inamwangukia nani?

WAKILI (ana ofisi mjini, na binti yake anasoma hapa): Naomba niongeze, maana wengi hapa wanazungumza kama hili ni suala la maadili tu. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inasema mtoto ni yeyote wa chini ya miaka 18, na mtoto hawezi kuridhia. Mtu mzima akimnajisi msichana wa miaka 16 au 17, kifungo hakipungui miaka 15. Akiwa wa miaka 12 hadi 15, hakipungui 20. Sheria ni kali na ina sababu.

MGENI: Na wakiwa wote wawili ni watoto?

WAKILI: Hapo ndipo kuna mashimo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Eldoret ililetewa kesi ya mvulana wa miaka 16 na msichana wa umri huo huo. Mvulana alishtakiwa peke yake, akaomba vifungu hivyo vitupwe, mahakama ikakataa. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Homa Bay ikalitazama kwa jicho tofauti: wote ni watoto, mbona amekamatwa wa kiume tu? Ikasema huo ni ubaguzi. Halafu 2019 majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa wakasema umefika wakati nchi ijadili kama umri wa kuridhia ushuke hadi 16. Makanisa yakapiga kelele, mashirika ya watoto nayo pia, na jambo likabaki pale. Kwa hiyo leo, mvulana aliyeandika ile barua, wakipita mpaka na wazazi wa msichana wakikasirika, atapelekwa mahakama ya watoto. Hilo nani amewahi kumwambia?

MVULANA WA KIDATO CHA NNE: Hakuna, Wakili. Mimi ndiyo kwanza nasikia.

Kila mtu aligeuka kumtazama. Alikuwa amekaa karibu na mlango na kiranja mkuu wa wasichana, viti vitatu katikati yao, kwa utiifu wa sheria za shule.

MVULANA: Nikubaliwe kusema? Huyu mwalimu mgeni ametufundisha mfumo wa uzazi, tena vizuri, na michoro. Lakini kuongea na msichana hakuna aliyetufundisha. Mimi nikitaka kumkatia msichana, ninayajua maneno ya kwenye simu na maneno ya wale wakubwa wa bweni. Yote ni ya kudanganya. Ya kweli siyajui. Ndiyo maana watu wanaandika barua, barua unaweza kuifuta.

MWALIMU WA USHAURI NASAHA: Na mimi ningepaswa kuwafundisha. Kwenye ratiba kuna stadi za maisha, kipindi kimoja kwa wiki, Ijumaa cha mwisho. Tangu muhula uanze, hesabu imekichukua. Mwaka 2013 serikali yetu ilikwenda Cape Town na nchi nyingine za mashariki na kusini mwa Afrika, zikaahidi elimu ya jinsia kwa vijana. Maaskofu walipinga, wizara ikarudi nyuma, na sisi huku chini hatukuambiwa tufuate lipi. Ofisi yangu ni stoo ya vitabu, na dirisha lake linatazamana na ofisi ya Naibu. Msichana akiingia kwangu mara mbili, shule nzima imeshajua ana kesi.

Mgeni alitaka kujibu, lakini bibi mmoja, dani kwa Kijaluo, aliyekuja na mjukuu wake kutoka Uyoma alikuwa ameinua fimbo yake tangu zamani.

DANI: Nyathina, mwanangu, wewe mzungu, umesema kwenu mtoto anamwambia mama yake. Mimi mama yangu hakuniambia hata neno moja, na isingefaa. Kesho yake tungetazamana vipi kisimani? Lakini usidhani tulikuwa bubu. Jioni wasichana wa boma tulilala siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee, pim. Yule ndiye aliyesema. Alisema kila kitu, bila haya, huku anasokota ushanga. Alijua nani amemtazama nani kwenye ngoma. Wavulana walikuwa na simba zao, vile vibanda vyao vya kulala, karibu na lango, na tulikwenda kuwasalimu, lakini kwa kundi, tukarudi kwa kundi. Mpaka ulikuwepo na kila mtu aliujua. Aliyeuvuka, aibu haikuwa ya msichana peke yake. Watu wa mvulana nao waliitwa.

MSICHANA WA KIDATO CHA NNE (yule kiranja mkuu): Dani, na wale waliovutwa usiku wakapelekwa kuolewa kwa nguvu?

DANI: Walikuwepo. Dada yangu mmoja alivutwa akitoka kuchota maji. Alilia, ng'ombe wakaja, watu wakanyamaza. Sikusema zamani ilikuwa asali. Nimesema kulikuwa na mtu wa kuongea na sisi, na hakuwa mama.

Wanahistoria David William Cohen na Atieno Odhiambo, katika kitabu chao cha 1989 juu ya Siaya, wanamweleza huyu pim kwa kirefu. Mara nyingi hakuwa nyanya wa damu. Alikuwa mwanamke mzee aliyeletwa kutoka kwingine, na ugeni wake ulikuwa ndiyo sifa yake: hakuwa na mgawo katika ugomvi wa ukoo, kwa hiyo aliweza kusema yasiyosemeka. Kisha zikaja shule za misheni, Maseno ikiwa mojawapo ya za mapema, 1906, na mabweni yakawachukua watoto usiku. Lile pengo la usiku lilijazwa na mwalimu wa zamu mwenye tochi. Hatukukaa chini kuamua hivyo. Ilitokea tu, na miaka mia baadaye tunaiita mila yetu. Watu wanaposema Mwafrika hazungumzi na mtoto mambo haya, wanasimulia mila ya bweni, si ya boma.

MGENI: Basi Dani, mimi na wewe hatuko mbali. Kwetu pia si kila mtu anafanya atakavyo. Yule mvulana akija kula, ameshaonekana. Anajulikana jina, na wazazi wake wanajulikana. Akimtesa binti yetu, tunajua mlango wa kugonga.

DANI: Kumbe na nyinyi mnalinda. Mnalindia mezani.

MGENI: Ndiyo. Sasa kwa nini wazazi hapa wasianze hivyo? Mvulana aalikwe, ale, ajulikane.

Kicheko cha mara hii kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, na hata Naibu alitoa miwani akafuta macho.

MWALIMU WA USHAURI: Madam, mvulana akila ugali nyumbani kwa mama wa msichana, huyo si rafiki tena, ni mkwe. Na mkwe haingii hivi hivi. Mama mkwe na mume wa binti yake wanaheshimiana mpaka wanakwepana njiani. Huyo mtoto wa kidato cha tatu akishika sahani pale, kesho majirani wanauliza ayie ya mahari inaletwa lini, na ukoo mzima umehesabu ng'ombe. Utakuwa umemwoza msichana ukidhani umemlinda.

Hapa ndipo ninapoachana na Mgeni, ingawa nampenda kwa kuuliza. Alichukua meza ya Utrecht akadhani ni kipande cha samani, kinaweza kubebwa. Meza ile inafanya kazi kwa sababu kwao mzazi ni mtu wa kuambiwa. Kwa Wajaluo wengi mzazi, na hasa mama kwa mvulana wa watu, ni mtu wa kustahiwa kwa kutoambiwa. Huwezi kupitisha maji kwenye mfereji uliojengwa kwa kazi nyingine. Lakini alipouliza nani anajua jina la mvulana, aligusa penyewe.

Ana mengine aliyoyasoma vibaya, na aliyasimulia mwenyewe bila kuona haya. Wiki zake za mwanzo aliona wavulana wawili wakitembea Barabara ya Oginga Odinga wameshikana vidole, akadhani mji huu ni huru kuliko alivyoambiwa. Jumapili akaenda kwenye hifadhi ya swala pale kando ya ziwa, akaona msichana na mvulana waliovaa nguo za kanisa wakipita hatua kadhaa mmoja nyuma ya mwenzake, hawasemezani.

MGENI: Nikajua wamegombana, au hawajuani kabisa.

MVULANA: Hao ndio wapenzi sasa, Mwalimu. Wale wa kushikana ni marafiki tu. Na kuna kitu hujakiona. Sisi hatuanzi na "unapendeza". Tunaanza na kwenu ni wapi. Mwaka jana nilimpenda msichana wa Gem, nikamchomekea mamangu habari kwa kuzunguka. Akaniambia nyanya yake na nyanya yangu wametoka nyumba moja. Ikaisha siku hiyo.

MGENI: Hukuumia?

MVULANA: Niliumia. Lakini ni dada yangu huyo, ningefanyaje?

Haya yanapaswa kumfikirisha hata Naibu. Tunawaona vijana hawa kama ng'ombe waliokata kamba, kumbe wamebeba kanuni ambazo hakuna mwalimu aliyewafundisha na hakuna kiranja anayezisimamia. Mvulana anayeacha kumpenda msichana kwa sababu ya nyanya wawili anaweza kuelewa mipaka mingine pia, akielezwa na mtu anayemheshimu.

Kiranja mkuu wa wasichana alikuwa hajamaliza. Alisimama bila kuitwa.

MSICHANA: Naibu, kwa heshima. Ulisema mwaka jana kulikuwa na watoto wanne, na baba wawili walikuwa darasani. Hao wawili wengine hukuwataja.

NAIBU: Sikuwajua.

MSICHANA: Sisi tuliwajua. Mmoja ni wa bodaboda, anaegesha hapo langoni. Mwingine anavua Usenge, ana mke na watoto. Darasa lote lilijua kuanzia muhula wa kwanza. Mvulana wa darasa letu hana hata nauli yake, atanipa nini? Wa pikipiki anakubeba bure asubuhi mvua ikinyesha. Anakununulia sodo. Anakununulia chipsi. Anakuuliza umelalaje. Hamna mtu mwingine anayeniuliza nimelalaje. Siku anayodai malipo, utamwambia nani? Ukimwambia mwalimu, unatumwa nyumbani wiki mbili ulete mzazi.

Hakuna aliyecheka. Mama muuza samaki, ambaye mpaka wakati huo alikuwa ametulia na mkoba wake mapajani, alianza kuongea akitazama sakafu.

MAMA MUUZA SAMAKI: Huyu mtoto asikae chini bado. Mimi natafuta omena pale Dunga miaka mingi. Mashua ikifika, wanawake tunaongoja ni wengi kuliko samaki. Mvuvi anachagua amuuzie nani, na anayechagua huanza kuitisha. Tunamwita jaboya. Kila mtu hapa anajua jaboya ni nini, msijifanye. Kule Nduru, Nyakach, wanawake walichoka, mwaka 2011 wakaanzisha kikundi, wakapata mashua zao wenyewe na kuajiri wanaume wawavulie. Walifanikiwa kweli. Halafu 2020 ziwa likafurika likawafukuza makwao. Binti yangu ana miaka 15, ananisaidia kuanika. Mnafikiri haoni mamake anavyopata omena? Mnataka ajifunze mapenzi kwenye kitabu cha biolojia wakati ameshajifunza bei yake ufuoni?

Historia ya ziwa imo ndani ya maneno haya. Mbuta aliingizwa Victoria miaka ya 1950, akala samaki wadogo wa asili, na kufikia miaka ya 1980 na 1990 viwanda vilikuwa vinasafirisha minofu Ulaya. Pesa za wanaume zikaongezeka ufuoni, wanawake wakabakishiwa omena na mifupa ya kukaanga pale Obunga. Samaki walipoanza kupungua, aliyeshika wavu akawa na nguvu juu ya aliyeshika karai. Biashara ya mwili kwa samaki haikuletwa na simu wala na filamu za kizungu. Ilikuja na uhaba, na watoto walikuwa wanatazama.

Janga la korona nalo lilitupa jaribio ambalo hakuna mtu angethubutu kulibuni. Shule zilifungwa Machi 2020, na wengi hawakurudi mpaka Januari 2021. Watafiti waliokuwa wakiwafuatilia wasichana wa sekondari huko Siaya walikuta kwamba waliokumbwa na kipindi kile walikuwa na hatari maradufu ya kupata mimba kabla ya kumaliza shule, na mara tatu ya kuacha masomo, wakilinganishwa na waliowatangulia. Barua za mikebeni hazikuwapo miezi hiyo. Viranja hawakuwapo, wala wavulana wa dawati la pili. Msichana alikuwa nyumbani, na waliokuwa karibu naye ni wale wale wa langoni na wa ufuoni. Nikiwa Naibu, takwimu hiyo ingenifanya niisome ile barua upya.

NAIBU: Lakini mwandishi, na wewe Wakili, na wewe binti, nieleweni. Mvulana wa barua ni mwanafunzi wangu. Nina mamlaka juu yake. Yule wa pikipiki nitamtuma nyumbani alete mzazi?

WAKILI: Una chifu. Una polisi na ofisi ya watoto. Kuna simu ya 116 ya kuripoti mtoto anayedhulumiwa, haina malipo. Na kwa walimu wenyewe, waraka wa Tume ya Kuwaajiri Walimu wa 2010 unakulazimisha kuripoti, la sivyo kosa ni lako.

NAIBU: Nikiripoti, mzazi anakuja usiku ananiomba nifute, wameshaelewana na upande wa pili. Ameshapokea kitu.

MAMA MUUZA SAMAKI: Hilo ni kweli. Tunapokea.

Alilisema wazi kabisa, na nadhani lilikuwa neno zito kuliko yote ya siku ile. Kuna mzazi aliyekohoa. Wengine walianza kutafuta simu zao.

MGENI: Nikisikia haya naona barua ilikuwa jambo zuri kuliko yote yanayotokea hapa. Imeandikwa na mtu wa umri wake, ina jina, ina ombi, na msichana angeweza kukataa.

DANI: Angeweza kukataa, lakini nani angemwambia kwamba anaweza? Usiruke, nyathina. Mimi siwatetei watoto waandikiane. Nasema apatikane mwanamke mmoja mtu mzima, si mwalimu, si mama wa mtu hapa, aje akae na wasichana Jumatano jioni. Na mzee mmoja kwa wavulana. Naibu asiingie.

NAIBU: Na akiwafundisha upuuzi?

DANI: Wa bodaboda anawafundisha nini sasa hivi?

Walivutana hapo kwa muda mrefu kuliko ninavyoweza kuandika. Naibu alitaka majina ya hao wazee na barua ya kanisa. Mwalimu wa ushauri alitaka chumba ambacho dirisha lake halitazamani na mtu. Mgeni alijitolea, na Dani akamwambia kwa upole kwamba yeye asubiri, kwa kuwa watoto watamuuliza habari za Ulaya badala ya kumwambia za kwao. Mvulana aliuliza kama huyo mzee wa wavulana atakuwa anajibu maswali au anahubiri. Mimi mwenyewe niko upande wa Dani, kwa sharti moja ambalo yeye hakulitaka: kitakachosemwa na mtoto mle ndani kikigusa mtu mzima, kisiishie mle ndani.

Ilibaki habari ya langoni. Mwenyekiti wa wazazi, ambaye alikuwa hajafungua mdomo tangu sala, alipendekeza pikipiki zihamishwe mita mia moja kutoka shuleni, na kila mwendeshaji wa steji ile aandikishwe jina na namba. Mikono iliinuka mingi. Wakaulizana nani atakwenda kuwaambia.

MAMA MUUZA SAMAKI: Mwenyekiti wa steji ni mtoto wa dada yako, si ndiyo?

MWENYEKITI WA WAZAZI: Ni mtoto wa dada yangu.

MAMA MUUZA SAMAKI: Basi mimi nitakusindikiza. Wako pale sasa hivi, twende kabla hujafika nyumbani ukafikiria.